Kwa Eliwaza, Kuhusu Ile Taa ya Kifuani

Mpendwa binti yangu Eliwaza,

Kwanza zipokee salamu za hapa nyumbani, na uzipokee moja moja, kwa sababu kila anayekusalimu nimemwuliza mara mbili kama anakusalimu kweli au anasema tu ili nimwache. Baba yako anakusalimu. Goti lake bado linamsumbua. Yeye anasema ni baridi, mimi nasema ni vile viatu alivyouziwa sokoni Lewisham na yule kijana anayechekacheka. Kaka yako Godlisten anakusalimu, na mkewe pia. Mkewe alisema "msalimie sana wifi yangu", ila macho yalikuwa kwenye simu, kwa hiyo za kwake nakufikishia nusu. Mtoto wao Junia nilimwambia mtumie shangazi salamu, akanisikia vizuri kabisa, akanijibu kwa Kiingereza kwamba atakusalimu mwenyewe ukija. Bibi yako wa Upare nilimpigia Jumapili. Amesema Mungu akutunze, akauliza kama huko uliko wali unapatikana. Na Mama Aikande wa ghorofa ya chini anakusalimu, Mchaga yule, bado anatangaza jengo zima kwamba sisi Wapare tuna mkono wa birika.

Mimi mama yako mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo imenishikisha kalamu.

Barua hii haiji kwako peke yako. Nimemwomba mwenyekiti wa kina mama wa ibada yetu ya Kiswahili aisome mbele ya wenzangu na aiweke kwenye kijarida chetu. Usikasirike kwanza. Sababu utaiona. Mwandiko unaujua, shule nilitoka mapema, nimeandika kama ninavyoongea.

Naanza na lile kubwa, ili hata ukiichana barua uwe umeshalisoma. Eli, hukusahau. Siku ile ya mlimani, kile kidude cha kifuani hukukizima wewe. Nilikizima mimi.

Sasa kaa chini nikueleze.

Mwezi uliopita nilimkuta Simran kwenye kituo cha basi pale nje ya hospitali, mimi natoka kufagia, yeye anaingia shifti. Unamjua Simran, muuguzi mwenzako, Mhindi wa Southall ambaye babu yake kazaliwa Nakuru, "shikamoo mama" yake huitoa kwa sauti mpaka watu wanageuka. Siku hiyo aliitoa taratibu. Nikajua kuna jambo.

Akaniuliza, "Mama, Eli hajakuambia?"

"Aniambie nini? Ana mimba?"

"Hapana, mama! Ameacha wodi."

Akanieleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Kwamba ulianza kuangalia dripu ya mgonjwa mmoja mara nne, mara tano. Kwamba ulikuwa unafika nyumbani unageuza tena, unarudi hospitalini kuuliza kama kweli uliandika ile dawa kwenye faili. Ilikuwa imeandikwa, kila mara ilikuwa imeandikwa. Mwisho ukamwambia mkubwa wako, "Mimi siaminiki. Nilisahau mlimani, nitasahau na hapa, na hapa atakufa mtu." Ndiyo ukaenda Newcastle kupokea simu ofisini. Na kwamba daktari amekupa vidonge vya wasiwasi.

Mimi uliniambia umehamishwa, umepandishwa cheo. Nilishuku, lakini nilishuku kingine kabisa. Nilidhani kuna mwanaume. Miezi yote hiyo nimekaa natafuta mwanaume kwenye sauti yako, kumbe aliyekuharibia ni mimi.

Basi lilikuja nikaliacha. Likaja lingine nikaliacha.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilitimiza miaka sitini, ukasema, "Mama, safari hii hupewi kitenge. Tunakwenda wote kwenye theluji." Nikakuuliza theluji ya nini, kwani hapa Lewisham baridi imeisha? Ukacheka. Ukasema wewe na Simran mtapanda mlima siku moja na kiongozi, na mimi nitakaa chini nikinywa chokoleti ya moto kama tajiri. Nilifurahi, nakwambia ukweli. Halafu nilipofika kitandani nikaanza kuhesabu maswali. Watu wanapanda mlima kwa skii, zile mbao za kuvaa miguuni za kutelezea kwenye theluji? Skii si za kushukia? Nani anapanda kitu ili ashuke tu, hana ng'ombe huko juu, hana shamba, hana ndugu?

Na huyo kiongozi ni nani?

Wewe unajua mimi nimezaliwa mlimani. Milima yetu ya Upare si ya kuchezea. Masika ikizidi, udongo unashuka na nyumba na migomba na mtu aliyelala. Nikiwa mdogo nilisikia sauti ile mara moja, sitaki kuisimulia. Na mjomba wako Elifuraha alikuwa anabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Kiongozi wao alikuja mpaka nyumbani kumchukua, akamwambia mkewe, "Usiwe na wasiwasi mama, nitamrudisha." Alirudi kiongozi na wageni wake, wanapiga picha getini. Mjomba wako aliletwa kesho yake amefungwa blanketi, na vidole vitatu vya mguu hakuwa navyo tena. Kwa hiyo mimi mwanaume akiniambia anaongoza watu mlimani, sikio langu moja linamsikiliza na lingine linatafuta mlango.

Yule Luka wenu alikuja pale tulipofikia, jioni, kabla ya siku yenyewe. Mrefu, ndevu, uso umeungua na jua wakati nje kila kitu kimeganda. Hiyo peke yake ilinitosha. Akaanza kukuuliza urefu wako. Ukamwambia. Akakuuliza na uzito.

Nikakwambia kwa Kiswahili, "Huyu anauliza uzito wako wa nini? Anakununua?"

Ukasema, "Mama, jamani. Ni wa kufungia skii, ili nikianguka zifunguke."

"Kwa hiyo anajua utaanguka."

Simran alikuwa anajificha kwenye kikombe kwa kicheko. Halafu Luka akatoa karatasi mtie sahihi, na palikuwa na mahali pa kuandika jina la mtu wa kupigiwa kama kuna lolote. Ukaandika jina langu mbele yangu, unaongea mambo mengine, kana kwamba unaandika orodha ya sokoni.

Ndiyo akatoa vile vidude. Kidogo kama simu ya zamani, kina mikanda ya kuvaa kifuani, chini ya koti. Akakuvisha yeye. Akakuonyesha namna ya kukiwasha: unabana kitufe kidogo chekundu kwa kidole gumba, unasukuma, taa inaanza kupepesa. Kukizima, hivyo hivyo, kurudi. Halafu akakuangalia machoni akasema kwa Kiingereza, na Kiingereza hicho nilikielewa chote, "Usikivue. Ukiwa nacho, nitakupata popote ulipo."

Popote ulipo! Eli, mimi kazini nilikuwa na mwenzangu, tulifagia pamoja miaka mitatu, mumewe alimwekea kitu kwenye simu. Akienda kwa dada yake, mume yuko mlangoni. Akienda kanisani, mume yuko nje kwenye gari. Mpaka akawa anaacha simu nyumbani kwenye friji. Sasa mwanaume anamfunga binti yangu chombo kifuani mbele yangu, anasema atampata popote, na binti yangu anasema asante.

Nikauliza, "Huyu ana mke?"

"Mama, anasoma uso wako!"

Simran akasema, "Ana mke, mama. Na watoto watatu."

"Wenye wake ndio wabaya zaidi."

Mlicheka sana. Na mimi nilicheka, lakini kidole changu kilikuwa kimeshajifunza kubana na kusukuma.

Asubuhi nilikunywesha chai ya tangawizi vikombe viwili, ukikataa, nikikulazimisha. Mkatoka, mimi nafuata nyuma mpaka pale maegesho ya magari chini ya mlima. Mlikuwa watano: Luka, wewe, Simran, na wale wazee wawili wa Kijerumani, mke na mume, wenye magoti bora kuliko ya baba yako. Luka akasimama peke yake mbele akawaambia mpite mmoja mmoja karibu yake. Kila aliyepita, chombo chake yeye kikalia. Ulipopita wewe kikalia vizuri, taa inapepesa, akakuonyesha dole gumba. Mimi nikaona anawahesabu kama mbuzi wa mnada.

Halafu chai ikakushika. Ukasema, "Mama, twende haraka chooni, suruali hii siiwezi peke yangu." Pale mgahawani ukavua koti, ukavua mikanda, ukanipa kidude nikushikie. Ukaingia.

Nilikishika mkononi. Kinapepesa. Nikasema moyoni, binti yangu atapanda mlima kama mtoto wa watu, hatapanda amefungwa kengele. Nikabana, nikasukuma. Taa ikalala. Ulipotoka nikakuvisha mwenyewe, nikakufungia koti mpaka shingoni, nikakubusu. Luka alikuwa anaita huko nje. Ukakimbia.

Hivyo tu. Ilikuwa rahisi kuliko kuzima taa ya jikoni.

Mkaondoka. Mlikuwa mmebandika vile vitambaa vyenye manyoya chini ya skii ili zisiteleze kurudi nyuma, na mlikuwa mnatembea kwa kuburuta, polepole, msururu, mnakata kushoto mnakata kulia. Nilisimama mpaka vidole vikafa ganzi. Yule mama mwenye mgahawa akanivuta ndani kwa mkono wa koti. Mzee kidogo kuliko mimi. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, kwa hiyo tulielewana. Akanipa supu, akanipa na darubini iliyokuwa inaning'inia ukutani, akanikalisha dirishani.

Nikawaona. Vidoti vitano. Wewe ulikuwa wa pili, nilikujua kwa kofia yako ya njano. Nikaona mkisimama, mnakunywa maji. Nikaona unamtupia Simran theluji. Nilianza kuamini kwamba labda mimi ni mama mkorofi tu.

Halafu mkafika mahali palipo na weupe mtupu, upande mpana hauna mti wala jiwe. Mkasimama. Luka akavuka peke yake mpaka ng'ambo. Akainua mkono. Na aliyefuata kuvuka ulikuwa wewe. Peke yako! Wote wamesimama, wanakuangalia, na wewe kidoti kimoja katikati ya ule weupe.

Nikaruka pale kwenye kiti. Nikamwambia yule mama, "Kwa nini anamtuma mwanangu peke yake? Anampimia theluji?"

Akachukua darubini, akaangalia, akatulia. Akasema, "Ni vizuri. Huyo kiongozi mzuri. Mmoja mmoja. Theluji ikishuka, inachukua mmoja. Wengine wanabaki kumtafuta."

"Wanamtafuta na nini? Theluji yote ile?"

Akajigonga kifuani, hapa, mahali penyewe. Akasema, "Kidude. Kinaita chini ya theluji. Bila hicho, kumpata mpaka majira ya joto." Akafanya ishara ya maua kuota.

Eli, nikaichukua tena darubini. Nikakutafuta kwa kofia ya njano. Ulikuwa bado hujafika katikati. Ulisimama kurekebisha mkanda, sijui, ulisimama. Nikasema, tembea mama, tembea, tembea. Udongo wa Upare ulikuwa unashuka masikioni mwangu.

Ukafika ng'ambo. Ukainua mkono kama Luka.

Sasa hapa ndipo lilipo kosa langu lenyewe, na ndilo ninalotaka wenzangu wasikie. Kuzima, nilizima kwa kutojua. Lakini kuanzia dakika ile nilijua. Yule mama alikuwa na simu ukutani, alikuwa na namba ya Luka kwenye karatasi. Ningesema, "Cha mwanangu kimezimwa, nimekizima mimi, wapigie." Ni maneno mangapi hayo? Nikaogopa. Nikasema wataita polisi. Watasema mama Mwafrika amejaribu kumwua mwanawe kwenye theluji ya watu. Nikasema Luka atakugeuza mbele ya wote, utanichukia. Nikamwambia tu yule mama, "Wapigie warudi, nina wasiwasi." Akacheka, akanipapasa mgongoni. "Mama wote," akasema. Akaniongezea mkate.

Nilikaa pale mpaka alasiri. Sikusali hata, nilikuwa najadiliana. Nilimwambia Mungu hivi na hivi, mshushe huyu na mimi nitasema kila kitu. Unajua nilivyotimiza.

Mlivyoshuka! Nilisikia sauti yako kabla sijakuona. Ulikuwa unapiga kelele ya furaha, unashuka kwa mikunjo, theluji inaruka pembeni kama unga. Sijawahi kukuona hivyo. Tangu ulipokuja nchi hii una miaka tisa, umekuwa mtoto wa kubeba: umebeba barua zetu za serikali kutusomea, umebeba masomo, umebeba wagonjwa. Siku ile ulikuwa hujabeba kitu. Ulinikumbatia ukiwa na jasho na baridi kwa pamoja, ukasema, "Mama, nimepata kitu changu."

Ndipo Luka akakusanya vidude. Akashika chako. Akakigeuza. Uso wake wa jua ukawa majivu.

Akauliza, "Umekizima saa ngapi?"

"Sijakizima."

"Kimezimwa."

"Labda chooni, nilipokivua. Sijui. Sikumbuki."

Ulinitazama mimi. Nikatazama theluji.

Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alisema, "Leo nimevusha mtu ambaye nisingeweza kumtafuta. Nina watoto watatu, na ningewaambia nini watu wako?" Akakwambia ile safari ndefu ya baadaye, ya kulala kwenye vibanda vya juu mlimani siku sita, ile uliyojifua mwaka mzima kwa ajili yake, hatakuchukua. Simran akalia. Wewe hukulia. Ulisema, "Una haki."

Kwenye ndege ukaniuliza mara moja, kwa upole, "Mama, ulikigusa?"

Nikasema, "Nikiguse cha nini? Nilishika mikanda tu."

Ukasema, "Najua. Samahani." Ukaniomba msamaha wewe.

Na nilipofika hapa nikaongeza. Kina mama waliuliza safari ilikuwaje, nikasema nzuri, ila Eli wangu siku hizi anasahau. Wakasimama kukuombea. Mama Aikande alishika bega langu, wakaomba vifungo vya usahaulifu vikatike, na mimi nikasema amina kwa sauti. Jumapili tatu, Eli. Wanawake waliotoka usingizini, wengine wametoka shifti moja kwa moja, wamepiga magoti wanakuombea ugonjwa nilioutunga mimi. Ndiyo maana wataisoma na wao.

Mama Aikande nimeshamwambia, ilinibidi, yeye ndiye anayepiga chapa kijarida. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema, "Wapare bwana! Hata taa ya kifuani mnazima kubana umeme?" Nikacheka huku nalia. Halafu akaacha utani. Akasema, "Mwambie mtoto leo. Usingoje chapa." Lakini kwa simu nimejaribu mara tatu. Ukipokea unasema "Mama, uko salama?" kwa ile sauti mpya ya uangalifu, na mimi naishia kukuuliza kama umekula.

Luka naye nimemwandikia, Simran amenitafsiria. Bado hajajibu. Nadhani anaona namtetea mwanangu kwa uongo. Simlaumu, hata mimi ningemshuku mtu kama mimi.

Na baba yako amesema hivyo hivyo. Amesoma barua mpaka hapa, akavua miwani, akasema, "Hatakuamini. Atasema mama anajitwika mzigo ili mtoto apone." Nimekaa na neno hilo siku mbili, maana ni kweli, mimi ni mtu wa kusema hivyo. Kwa hiyo nakupa kitu ambacho asiyekizima hawezi kukijua.

Ulikuwa kwenye kile choo cha pili, ambacho mlango wake haufungiki, umeuzuia kwa mguu. Ulikuwa unailalamikia ile mikanda ya suruali. Nilipokisukuma, kidude hakikuzimika kimya. Kililia mara tatu na kikatetemeka mkononi kama kifaranga. Nikaogopa utasikia. Nikakibana tumboni ndani ya koti, nikakohoa kwa nguvu, nikakohoa tena. Wewe ukauliza huko ndani, "Mama, umeshikwa na kifua?" Nikasema ni baridi tu.

Unakumbuka? Najua unakumbuka. Kwa sababu jioni ile, baada ya maneno ya Luka, umevimba macho, hujala, ulifungua begi lako ukatoa ile dawa ya kupaka. Ukaniambia nifungue vifungo, ukanipaka kifuani na mgongoni, ukanifunika, kwa ajili ya kikohozi nilichokohoa mara mbili asubuhi mlangoni mwa choo. Siku mbaya kuliko zote ulizopata, na hukukisahau kikohozi cha mama yako, tena cha uongo. Hicho kichwa ndicho unachosema hakiaminiki?

Nilikuwa nimelala pale nanukia dawa, najua hakuna kifua chochote.

Sikuambii urudi wodini. Rudi au usirudi, hilo ni lako, na vidonge muulize daktari, si mimi, ingawa unajua vidonge siviamini. Sikuambii unisamehe pia. Naomba kimoja: usimwambie tena mtu yeyote, wala mkubwa wako wala nafsi yako, kwamba ulisahau. Mwonyeshe barua hii huyo daktari. Ina mwandiko wangu, na inasomwa mbele ya watu.

Kaa vizuri, mwanangu. Huyo unayekaa naye nyumba moja, sijui ni mtu wa namna gani, funga mlango wa chumba chako.

Na unijibu upesi. Usingoje mwisho wa wiki, usingoje upate maneno mazuri. Hata mstari mmoja, hata kama mstari wenyewe ni wa kunigombeza. Kunyamaza kwako sikuwezi, Eli, maana nilinyamaza mimi kwanza, na najua kilichomo ndani yake.

Ni mimi,
mama yako.